Nyeupe Iliyo Chini ya Buluu

Rangi ya mabehewa inanuka mafuta, chuma na kitu kama dawa ya kikohozi. Ndiyo harufu ya nyumba niliyokulia, katika kambi ya wafanyakazi wa reli hapa Lubumbashi. Baba alikuwa mpaka rangi wa mabehewa, na rangi iliyobaki kwenye makopo waliruhusiwa kuichukua nyumbani. Kwa hiyo kambi nzima tulilala ndani ya nyekundu ile ile ya kutu, inayong'aa kama ini bichi. Mimi sikusoma sana, shule niliiacha darasa la nne, lakini macho sikuyaacha huko. Nimeona ndege kubwa zikitua Luano, nimeona maghorofa yakisimama palipokuwa na majani matupu. Hakuna kilichonifunga mdomo kama kuta za chumba cha wazazi wangu, mwaka nilipokuwa na miaka tisa.

Ulikuwa wakati wa baridi, vumbi jekundu limekaa juu ya kila kitu, sisi watoto tumebanana kuizunguka mbabula tukiota moto wa makaa. Mama alikuwa amejifungua mtoto wa kiume katika chumba kile. Mtoto alikaa siku tisa, akaenda zake. Baada ya mazishi mama alilala kitandani akitazama ukuta, hali, hasemi, hata kulia halii. Halafu asubuhi moja alifunga nguo zake katika kitenge, akapanda lori la unga, akaenda kwa mama yake kijijini Lukafu. Zilipita wiki tatu, ndipo dereva wa lori lile akatuletea maneno yake. Aliyasema mlangoni, kofia mkononi, mbele yetu sote: "Mama Ngoie anasema hana kasirani na weye. Anasema kila akifungula macho anaona damu. Ndani ya ile rangi harudi." Ngoie ndiye mimi, mtoto wake wa kwanza. Baba alimshukuru dereva, akampa karanga za njiani, kisha akaingia chumbani na kutazama kuta zake kama mtu anayeonyeshwa nyumba ya mgeni.

Alitafuta makopo mawili ya rangi ya maji, buluu ya mbingu, na Jumamosi akapaka juu ya ile nyekundu, hivyo hivyo, bila kufanya kitu kingine. Mkono wake ulizoea chuma, ukuta hakuujua. Jioni buluu ilikuwa buluu, na baba akamkimbilia dereva: mwambie mama watoto chumba ni tayari, umlete Jumamosi ijayo. Jumatatu nyekundu ilikuwa inachungulia kila mahali, kama goti kwenye soksi iliyochakaa. Mimi nikagusa kidogo kwa ukucha, nione tu. Ukanda mrefu kama mkono wangu ukabanduka wote mara moja, laini, kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Nilibaki nimeushika, nikijua moyoni kwamba nimemfungia mama njia. Baba hakunipiga. Aligeuza kopo tupu, akalikalia, akaweka mikono juu ya magoti. Shangazi, dada yake mkubwa, ndiye aliyesema. "Kaka, umepaka poda muntu hajanawa uso." Akacheka peke yake, akaona hakuna anayemfuata, akachukua kitenge chake na kutoka.

Alirudi na Mama Odia. Huyo alikuwa mjane wa Kikasai, mume wake alikuwa fundi wa nyumba za mjini, naye alimchanganyia rangi miaka yote mpaka mume alipofariki na yeye akaishika brashi. Alivaa suruali chini ya kitenge. Sikuwahi kuona mwanamke amevaa hivyo, sembuse kumwona mwanamke juu ya ngazi. Hakusalimia sana. Alinusa ukuta, akaukwaruza, akasema buluu yote itoke. Ilitoka. Kisha akaziosha kuta kwa maji ya magadi soda mpaka mikono yake ikanyauka, akazisugua kwa msasa siku mbili nzima hadi ule mng'ao ukafa. Nywele zake zikawa nyekundu kwa vumbi, na kila akipiga chafya shangazi alimwombea baraka kwa kejeli. Ijumaa alifungua kopo la rangi nyeupe, nzito kama maziwa ya mgando, ile ambayo mafundi wa kwetu huiita sukushi. Baba akashtuka.

"Lakini mama, miye nilitaka buluu. Hii nyeupe iko ya nini?"

"Buluu yako iko ya mayi, huu ukuta iko na mafuta," Mama Odia akajibu bila kugeuka. "Haviwezi kushikana. Hii njo itavishikanisha."

"Na kisha unaifunika tena?"

"Naifunika."

"Kazi yote hii, na hakuna muntu ataiona."

"Baba Ngoie, nguo ya ndani nani anaionaka? Lakini unaivalaka."

Shangazi alicheka mpaka akashika mlango. Baba alitoka kwenda kukata kuni ambazo hatukuzihitaji.

Nilichokiona Jumamosi sijui kama nitakieleza vizuri. Nilitoka uani kwenye jua nikaingia chumbani, na jua likawa limeingia kabla yangu. Chumba kilikuwa hakipo. Pembe hazikuonekana, ukuta na dari vilikuwa kitu kimoja, na dirisha dogo nililolidharau siku zote lilikuwa linamwaga mwanga kama bomba lililopasuka. Niliita jina langu polepole, likanirudia. Nilivua ndara zangu bila kuambiwa. Kanisani kwenyewe sikuwahi kuogopa kwa namna ile, hofu isiyotaka kukimbia. Nilikuwa nimesimama katikati hapo niliposikia lori, na lilikuwa limefika mapema, buluu haijafunguliwa.

Baba alikimbia mbele ya mama akisema haijaisha, haijaisha, ungengoja kidogo kwa jirani. Mama alimpita. Alisimama kizingitini na mzigo wake kichwani, amekonda, midomo imepasuka kwa baridi. Mama Odia alikuwa amerudi juu ya ngazi, akimalizia juu ya dirisha.

"Ingia, mama. Lakini usishike, haiyakauka."

Mama hakuingia. "Ile nyekundu iko wapi?"

Baba alifungua mdomo, nafikiri alitaka kusema imekwisha. Mama Odia alimtangulia.

"Iko pale pale. Haitokaka, hiyo. Nimeifunga tu."

"Haitapita?"

"Haitapita."

Mama alizitazama kuta moja moja, zote nne, bila haraka. Kisha akashusha mzigo kichwani, akauweka chini ndani ya chumba, akaketi juu yake, akalia. Alilia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na Mama Odia akaendelea kupaka juu ya dirisha mpaka alipomaliza.

Buluu ilipakwa Jumatatu. Kopo moja lililobaki lilitosha chumba kizima, baba akarudia kulipima kwa kijiti, haamini. Mama alizaa wengine watatu humo, wote wazima, na mimi leo nina wajukuu kumi na wanne nao ni wazuri, nasema bila aibu. Siku hizi vijana wanapaka nyumba kwa asubuhi moja, simu sikioni, na aliyefiwa naye tunamwambia baada ya wiki moja achangamke. Mwezi uliopita nilipita kambini. Mama anayekaa pale sasa, kijana mwenye heshima, alinikaribisha mpaka chumbani: kuta zambarau, televisheni kubwa ukutani. Akaniuliza, kwa jina tunalowaita wazee wenye wajukuu, "Kambo, unaona vile imebadilika?" Nikamwambia naona, nikamsifu. Sikumwambia kwamba chini ya zambarau yake kuna buluu ya baba yangu, chini ya buluu kuna ile nyeupe, na chini kabisa nyekundu bado ipo, imenyamaza.