Uchafu wa Namba Nne

Nimefanya kazi ya usafi tangu utoto, na sijawahi kupita uchafu nikauacha kwa makusudi isipokuwa mara moja. Uchafu huo haukuwa sakafuni. Ulikuwa ndani ya kompyuta.

Nilishuka mjini baada ya mume wangu kufariki. Kahawa ilikuwa imeshuka bei. Wanunuzi binafsi walikuwa wanakuja na magari yao mpaka mlangoni, wanakutajia bei yao, ukikataa wanakwenda kwa jirani. Nikamwachia shemeji yangu migomba na ng'ombe mmoja, nikapanga chumba Kaloleni kwa mjane wa Kiislamu, asili yake Kondoa. Kazi nikaipata Levolosi, kwenye duka la intaneti. Mwenye duka alikuwa mtu mzima, baba wa watoto wanne, aliyepunguzwa kazi kwenye shirika la umma. Kiinua mgongo chake alikinunulia kompyuta sita za mtumba, nzito kama mawe ya kusagia, kila moja ameibandika namba kwa selotepu.

Siku ya kwanza nilipiga deki, nikafuta vumbi kwenye vioo vyote, nikamwambia nimemaliza.

"Bado ndani, mama," akasema.

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya kompyuta."

Nikamtazama kuona kama ananitania. Hakuwa anatania. Akavuta kiti, akanieleza kwamba kila ukurasa anaoufungua mteja, mashine inajiwekea nakala yake, ili mteja akiutaka tena isihangaike kwenda kuuchukua mbali. "Lakini hizi ni kuukuu, tumbo lao dogo. Zikijaa zinazubaa. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla sijaunganisha laini ya simu, unatoa takataka za jana."

Mimi niliishia darasa la nne. Kiswahili nakisoma, polepole, Kiingereza sikijui. Nikajifunza kwa kuhesabu. Juu, neno la tano. Linashuka pazia, unakwenda mpaka neno la mwisho kabisa. Dirisha likifunguka, katikati kuna vitufe vitatu vimekaa mstari mmoja: unabonyeza cha katikati. Mashine inakuuliza kama una hakika. Unakubali. Mshale unageuka picha ya saa, unasubiri mpaka urudi kuwa mshale, unahamia mashine ya pili.

Niliipenda kazi hiyo kuliko deki. Tope la Levolosi ukilitoa saa moja, saa nne limerudi na viatu vya watu. Lakini ndani ya zile mashine, nikishatoa, nimetoa. Mwenye nyumba wangu nilipomsimulia alicheka mpaka akashika ukuta. "Nyie Wameru! Mnasafisha hata kisichoonekana! Na moyo wangu huu uje uupigie deki, jirani."

"Huo umeota kutu," nikamwambia. "Unahitaji msasa."

Sasa niseme habari ya mwanangu, maana bila hiyo hakuna nitakachoeleza.

Nina mtoto mmoja aliye hai. Alikwenda Ulaya kusoma, akabaki huko. Siku moja akanipigia kwa simu ya mwenye nyumba, akasema, mama, nimeoa. Hakusema anataka kuoa. Wazee hawakukaa, pombe ya ndizi haikupikwa, hakuna aliyekwenda kuuliza hao ni watu gani na wanatoka wapi. Nikamwambia, siku utakapokuwa tayari kukaa na wazee ndiyo siku ya kunipigia tena. Nikarudisha mkono wa simu mahali pake.

Mwanangu nilimlea awe mtii. Akatii. Ulipita mwaka, ukapita wa pili, ile simu ikawa inalia ya watu wengine.

Halafu akaja dukani mtu wa rika lake, mwalimu, kutoka kwetu mlimani. Alikuja kwa shughuli zake. Akaniona na dekio langu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Na hongera sana."

"Ya nini?"

Nikaona ameng'amua jambo na anatafuta pa kulificha. Nikamwambia, mimi nilikuwepo ulipozaliwa, usinifanyie hivyo, sema. Akasema, "Mwenzetu amepata mtoto. Ameweka picha kwenye mtandao ili sisi marafiki tuione. Nilidhani... nilidhani umeona."

Namba nne ilikuwa tupu, ile ya kona, iliyo kuukuu kuliko zote. Akaketi, akaifungua picha. Ilishuka taratibu kutoka juu, kama mtu anavyovuta blanketi: ukuta, halafu nywele, halafu paji la uso. Mtoto mchanga, kitambaa cheupe, mdomo wazi bila jino hata moja. Ngumi moja ameishikilia sikioni.

Chini ya picha palikuwa na maneno ya kigeni, na katikati ya hayo maneno, jina langu.

Kwetu binti wa kwanza hubeba jina la mama yake baba. Posa aliiruka, wazee aliwaruka, hilo hakuliruka. Na si jina langu la ubatizo. Ni lile la nyumbani. Mjini hakuna anayelijua. Dukani mimi ni mama au bibi, kwa mwenye nyumba ni jirani, kanisani ni mama wa fulani. Aliyekuwa akiniita kwa jina hilo amelala mgombani.

Mwalimu akauweka ule ukurasa kwenye orodha ya kurasa za kuhifadhi, akanionyesha pa kubonyeza. Kwenye karatasi akaniandikia juu anuani ya ule ukurasa, na chini anuani ya kumwandikia mwanangu. "Siku ukitaka, mama." Nikaitia karatasi kwenye Biblia ninayoibeba mkobani. Sikutaka. Nilimwambia yeye ndiye anipigie, na mimi si mtu wa kusema leo hivi na kesho vile.

Kesho yake asubuhi nilisafisha namba moja, mbili na tatu, umeme ukakatika. Ulikuwa wakati wa mgao, tulikuwa tumezoea. Uliporudi, laini ya simu ilikuwa bado haijaunganishwa, nikasema ngoja nijaribu. Nikabonyeza pale nilipoonyeshwa. Mashine ikauliza jambo, nikakubali. Mtoto akatokea, bila simu, bila mtandao, mara moja na si taratibu kama jana.

Hapo nikaelewa. Nilichokuwa nakaribia kukitoa kama takataka ndicho hiki kinachonitazama.

Namba nne nikairuka. Nikaenda namba tano.

Ikawa hivyo kila siku. Nilikuwa nafika wa kwanza, funguo ninazo mimi. Mlima asubuhi umejifunika, baridi inakata vidole, mimi naketi mbele ya kona ile na kanga mbili mabegani. Kwetu mtoto anayebeba jina lako ni lazima umbariki mwenyewe, na baraka ya mzee ni mate: unamtemea kidogo kifuani na kwenye paji la uso, unamwambia akue. Mchungaji haipendi habari hiyo na mimi sijawahi kumuuliza. Asubuhi moja nikaangalia mlango, hakuna mtu. Nikalowesha midomo, nikamtemea. Nikamwambia, kua, uwe na mifupa migumu, uwaone watoto wa watoto wako. Mate yakabaki kwenye kioo, yanateremka shavuni kwake. Nikachukua tambara nikafuta, maana ni kazi yangu.

Ilifika siku mteja mmoja akanung'unika kwamba kurasa zake zote zimepotea. Mwenye duka akamwambia, ile kampuni iliyokuwa inawapa watu kurasa bure imefunga, kila kilichokuwemo kimekwenda. Mchana nikatoa karatasi kwenye Biblia, nikamwomba mwenye duka anifungulie ile anuani ya juu kwenye namba mbili, ni ya mtu wa kwetu. Akajaribu mara tatu. "Hakuna kitu hapa, mama. Kimekufa."

Kwa hiyo ilibaki namba nne peke yake.

Na namba nne ikaanza kuzubaa. Mtu anabonyeza, anakwenda nje kununua sigara, anarudi, mshale bado saa. "Hii ni kompyuta au punda?" watu wakasema. "Punda angalau ukimchapa anasogea." Mwenye duka akaniuliza, "Mama, namba nne unaisafisha?"

"Naisafisha," nikasema.

Sikumtazama usoni. Mimi niliyewachapa wanangu kwa uongo mdogo kuliko huo. Na ningesema nini? Kwamba nina mjukuu ambaye nimemwona kwa siri, kwa picha iliyowekwa kwa ajili ya marafiki? Mambo ya nyumbani kwangu siyatandazi dukani kama mitumba.

Sasa kulikuwa na mama mmoja, umri wangu hivi, Mwaarusha wa upande wa magharibi wa mlima. Alikuwa anashuka na gari la maziwa, amevaa shuka, masikio yametobolewa. Binti yake alikuwa Uarabuni kwa kazi za ndani. Huyo mama hakujua kusoma kabisa. Alikuja kufunguliwa barua ya binti, asomewe, akimbilie gari linalorudi saa sita. Wiki mbili mfululizo alikuta mashine nyingine zimejaa, akawekwa namba nne, akaondoka bila kusomewa.

Wiki ya tatu akaja tena. Mashine zimejaa, namba nne tupu kama kawaida. Mwenye duka akamfungulia, akaniambia, mama, mwangalie mwenzako, nakwenda posta mara moja. Tukaketi wawili. Kioo cheupe. Mshale saa. Yeye ameweka mikono magotini. Saa tano ikapita.

"Hii mashine inanichukia?" akauliza, kwa Kiswahili chake cha kubabaisha.

"Mashine haijui kuchukia."

"Basi ni nani ananichukia?"

Jibu lilikuwa limekaa naye kiti kwa kiti.

Nikafunga kile kioo cheupe. Kwanza nikamfungua mtoto, kwa haraka, kwenye ile orodha. Sikujua kama atatokea; laini ya simu ilikuwa imeunganishwa, na mashine ikaanza kumtafuta nje, kule ambako hayupo. Yakaja yale maandishi ya kwamba hakuna kitu. Kwa hiyo hata kumuaga sikumuaga. Nikaenda neno la tano. Nikashuka mpaka mwisho. Kitufe cha katikati. Ikaniuliza kama nina hakika.

"Inasema nini?" mama yule akauliza.

"Inauliza kama nina hakika."

"Una hakika?"

Nikabonyeza. Ilichukua muda mrefu kuliko mashine yoyote niliyowahi kusafisha. Nikamfungulia barua yake vile nilivyomwona mwenye duka akifanya, na barua ikaja palepale, imeandikwa kwa Kiswahili. Nikamsomea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba!" akaitika kwa sauti, duka zima likageuka, watu wakacheka. Hakujali. "Endelea."

"Mimi ni mzima. Joto la huku ni kali, lakini ndani kuna mashine ya baridi. Mwajiri wangu ana watoto watatu, wananipenda. Mama, usiuze yule ndama mwekundu, nitarudi."

"Rudia hapo."

"Usiuze yule ndama mwekundu."

"Mbele yake."

"Nitarudi."

Nikarudia mara nne. Saa sita kasoro akanyanyuka, akanishika kichwa kwa mkono mmoja kama anavyoshikwa mtoto, akakimbilia gari lake.

Mwenye duka aliporudi alishangaa. "Leo namba nne imepona!"

"Nimeisafisha."

"Si uliniambia unaisafisha?"

"Nilikudanganya." Nikamweleza yote, nimesimama, nimeshika dekio. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akafungua droo, akatoa disketi moja nyeusi, akaiweka mezani kati yetu.

"Mama. Ungeniambia, ningeitia humu. Dakika moja."

"Sasa ndiyo nimekuambia."

"Sasa haipo."

"Najua haipo. Mimi ndiye niliyeifuta."

Akairudisha disketi kwenye droo. Nikaenda kwenye mkoba wangu, nikatoa karatasi, nikamwekea mbele. Nikamwambia aandike kwenye ile anuani ya chini, nami nitamtajia.

"Mwanangu," nikasema. Akaandika. "Nilimwona mtoto. Picha imefutika. Nitumie nyingine." Akangoja. "Wazee watasubiri. Basi."

"Umalizie na nini? Nakupenda, au nakutakia heri?"

"Mimi ni mama yake, si kadi ya Krismasi. Andika: Mama yako."

Akatuma. Nikashika ndoo. Akaniuliza kama sitaki kuketi kidogo, pengine jibu litakuja. Nikamwambia ainue miguu, nipige deki.

Jibu lilikuja mwenye nyumba wangu akiwa amemaliza mfungo wake mzima wa Ramadhani. Lilikuwa na picha mbili. Binti amesimama, ameshikilia kiti, ana meno sita, kavaa koti la baridi. Mwanangu aliandika kwamba ile ya kwanza hata yeye hana. Alikuwa ameiweka kwenye ule ukurasa tu. Akasema atapiga simu Jumapili.

Mwenye duka alinichapia zote mbili kwa wino mweusi. Nikazibandika ukutani chumbani, juu ya kitanda. Mwenye nyumba akaja kuzitazama, akasema, mashallah, kafanana nawe, hata kununa kwake. Nikamwambia atoe viatu, nimetoka kupiga deki.