Salamu za Idi Zilizokwenda Hewani

Mimi shule niliacha darasa la tatu, lakini jina nikilisikia mara moja halinitoki. Waliozaliwa mtaani kwetu Unguja, waliokufa, wake wa kwanza na wa pili, wote ninao. Humu sitamtaja hata mmoja, na sababu yake ndiyo hii.

Hapa Silver Spring, huku ng'ambo, ninakaa na binti yangu, muuguzi. Mlango unaotazamana na wetu anakaa mama mmoja wa Kiafghani. Kwao alikuwa msomaji wa habari kwenye televisheni, nchi nzima ikimtazama. Ilipobadilika serikali akakimbia. Sasa habari anazisomea chumbani kwake, mbele ya simu na taa mbili, zinakwenda kwao moja kwa moja, saa nne asubuhi ya hapa, kwao jioni. Juu koti la heshima, chini ndara. Akiwa hewani hufunga kitambaa chekundu kwenye kitasa, watu wasibishe hodi.

Ananiita bibi jan, yaani bibi mpenzi. Kwao pia bibi ni bibi. Kiingereza changu cha kuokoteza kilipokwisha, majina yalitutosha. Alinitajia wake wote: mama yake, dada zake, na mdogo wake wa kiume aliyekuwa mpiga kamera. Huyu alibaki, anatafutwa na wakubwa wapya, kajificha kwa shangazi yao katika mji mwingine. Na mji akanitajia. Nadhani alitaka tu apatikane mtu wa kumsikia.

Ikaja Idi. Nimetoka kuswali, nimebeba sahani ya vileja, nakiona kitambaa mlangoni. Nikasema, sikukuu leo, nani afanye kazi? Kasahau kukifungua. Mlango haukufungwa kwa ufunguo, nikaingia.

Kwetu siku ya Idi huulizi kwa jumla. Unamuuliza mmoja mmoja kwa jina lake, na utakayemruka atasema umemdharau. Basi nikaanza pale pale, sauti juu: Idi mubarak, mama yako hajambo? Dada zako je? Na mdogo wako, nikamtaja, kule, nikautaja mji, Idi imemkuta salama?

Hakugeuka. Mkono wake mmoja ulishuka chini ya meza ukashika goti. Sauti haikutetemeka, akasoma mpaka mwisho, akazima.

"Bibi jan," akasema, "nilikuwa hewani."

Sahani sijui niliiweka wapi.

Mwenzake wa kazi aliikata ile sehemu kwenye rekodi, lakini waliosikia walikwisha sikia. Akamwandikia mdogo wake neno moja: Hama. Kwenye simu ikaonekana tiki moja. Akanionesha: moja, imeondoka, mbili, imefika.

"Mama, kinywa chako kinashinda redio!" binti yangu alinisema usiku ule. Hakucheka, wala mimi.

Siku ya pili tiki moja. Siku ya tatu moja. Nilikuwa nikivuka kwenda kwake na tasbihi, tunaiweka simu katikati ya meza, tunaitazama kama maziwa jikoni. Alikuwa akisoma habari zake saa nne kama kawaida, kisha anarudi kukaa. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniumiza. Hata dua nilimwombea yule kijana bila jina, niliogopa kuta.

Alasiri ya siku ya tatu simu ikalia. Sauti ya mwanamume. Alisikiliza, kiganja mdomoni, akalia, mara akacheka.

"Anasema alikuwa ananitazama. Aliposikia jina lake alitoka bila viatu, na simu akaiacha."

"Eh! Na mimi, anasemaje juu yangu?"

"Anasema, mwambie bibi salamu zimefika."

Nikakaa chini.

"Alhamdulillahi. Na sasa yuko wapi?" Ulimi ulikuwa umeshatangulia.

Alinitazama. Akaivuta ile sahani ya vileja, vimekaa tangu Idi, akachukua kimoja, kingine akanipa mkononi.

"Yuko salama, bibi jan," akasema.

Mji hakuutaja. Nikatafuna kileja changu kikavu. Mpaka leo nikivuka kwake, nangoja kwanza kitambaa kifunguliwe, halafu namuuliza, "Ndugu hajambo?" Hunijibu, "Hajambo." Nami huishia hapo.