Kambare wa Dukani Niliyemtoboa Mdomo

Nilimtoboa mdomo samaki aliyekufa. Nalisema hilo mwanzo kabisa, kabla hujanizoea na kuniona kijana wa maana. Nilikuwa na miaka tisa, nilikuwa na ndoana mkononi, na kambare aliyenunuliwa dukani alikuwa amelala mbele yangu juu ya barafu, hana la kufanya. Nikamchoma mdomo wa juu, nikavuta mpaka pakachanika. Nikacheka peke yangu. Saa mbili baadaye nilikuwa nimejifungia bafuni, nikiamini kwamba nimeua mtu, tena mtu ambaye hajazaliwa.

Yalinirudia wiki iliyopita. Nilikuwa natafuta chaja kwenye droo ya jikoni kwetu, hapa ughaibuni, Adelphi, ile droo ya betri zilizokufa na funguo zisizojulikana ni za mlango gani, nikakuta kiberiti kilichofungwa kwa mpira. Nikadhani nimebahatisha siri ya mtu. Nikafungua. Ndani mlikuwa na ndoana moja yenye kutu, na harufu. Miaka saba imepita na harufu bado ipo: matope, chuma, na kitu kama ukilamba sarafu. Nikafunga upesi. Mimi ni mtu wa utani, waulize walimu wangu, hasa yule wa kemia. Lakini kiberiti kile kilinitoa utani wote mwilini.

Baba yangu amezaliwa Kigoma, ziwani kabisa, na siku tano za wiki anatengeneza kompyuta za watu katika ofisi isiyo na dirisha. Jumamosi ni siku yake ya mto. Mto wenyewe ni Anacostia, pale Bladensburg, ambapo maji yana rangi ya chai iliyozidishwa maziwa. Karibu na gati pana ubao wa onyo: samaki amechorwa juu ya sahani, kapigwa mstari mwekundu, na chini yake maandishi ya lugha kadhaa. Kiswahili hakimo, kwa hiyo Baba alinitafsiria kila Jumamosi kwa sauti ya mhubiri. "Samaki wa hapa ana sumu, haliwi. Hasa na mama mjamzito. Hasa na mtoto." Halafu ananitazama kama vile nimekuja na uma mfukoni.

Basi alikuwa anavua, anapima, anapiga picha, anamrudisha samaki majini. Akirudi nyumbani mikono mitupu, Mama alimpokea mlangoni.

"Umewasalimia? Hawajambo?"

"Hawajambo," Baba anajibu. "Wanakuulizia."

Mama ni mtu wa Tanga, anafanya kazi ya kuhudumia wazee, na hana subira na samaki asiyefika jikoni. Wa kwake alimnunua. Hapo ndipo walipogombana, ugomvi wa kudumu, wa kistaarabu. Baba alikuwa haheshimu samaki wa dukani hata kidogo. "Huyo amezolewa," alisema. "Mashua ya biashara imeburuta wavu, ikamzoa na wenzake, hakuna aliyemchagua, hakuna aliyepigana naye. Wa ndoana mmekutana wawili tu, yeye na wewe. Mimi nikimwona namjua. Wa ndoana ana alama mdomoni. Wa wavu mdomo wake mzima."

"Wakiwa kwenye sufuria," Mama alimjibu, "wote wananyamaza."

Mimi nilikuwa nakula huku nasikiliza. Ile habari ya alama mdomoni niliiweka akiba.

Jumamosi ninayoisimulia, mama mdogo Rehema, mdogo wake Mama, alikuwa anakuja kula kwetu kutoka mji wa Falls Church. Alikuwa na mimba ya miezi sita na hamu ya kambare wa nazi iliyomfanya apige simu siku tatu mfululizo. Mwaka uliotangulia palikuwa na mfuko wa nguo ndogo ndogo za kichanga kabatini kwetu, wa kumpelekea yeye. Siku moja mfuko ule haukuwepo, na tangu hapo jina la Rehema likawa linatajwa kwa sauti ya chini. Hakuna aliyeniambia kitu. Mtoto huambiwa kwa kutoambiwa.

Mama akamtuma Baba dukani. Kambare mmoja, mzima, wasimpasue, atampasua mwenyewe kwa kisu chake. "Na uje moja kwa moja."

Tukamnunua pale University Boulevard. Muuzaji alisema ametoka na mashua za huko chini, kwenye ghuba. Baba alimbeba kwenye mfuko mweupe kama anayebeba taka za jirani, akamweka kwenye boksi la barafu, kisha akaelekeza gari Bladensburg. "Saa moja tu," akaniambia. Nikakubali. Mimi sijawahi kuwa mtoto wa kumzuia mtu asikosee.

Na siku hiyo ndiyo aliyopata kambare mkubwa kuliko wote aliowahi kuwapata. Masharubu marefu, tumbo jeupe, mdomo mpana kama wa mtu anayetaka kulalamika. Ukimweka pembeni ya yule wa dukani, mapacha. Ila alikuwa ameimeza ndoana mbali. Baba alihangaika naye. Mimi nilikuwa nawatupia bata bukini vipande vya mkate, sikuona alichofanya. Nilipogeuka, samaki alikuwa amekufa, mdomo umechanika, na Baba amechuchumaa pembeni. Angemtupa, lakini kulikuwa na Baba Espoir, jirani yetu wa chini, mtu wa Bukavu, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akidai kwamba picha zote za Baba ni za samaki mmoja yule yule. Basi Baba akamtia yule wa mto kwenye mfuko mweusi, akamlaza kwenye boksi karibu na mwenzake. "Huyu ni wa kumwonyesha Baba Espoir tu. Halafu takatakani."

Akaenda kunawa mikono. Mimi nikabaki na boksi.

Niliona utani mzuri kupita kiasi. Nitamtoboa yule wa dukani, nao wote wawili watakuwa na alama. Halafu mbele ya Baba Espoir nitamwambia Baba, haya bingwa, chagua wako. Nikamtoboa. Nikawatoa mifukoni, nikafumba macho, nikawazungusha kama mchezesha kamari wa vikombe vitatu: wewe huku, yeye kule, mara kumi, nikawarudisha mifukoni nikiwa bado nimefumba. Nikafumbua macho. Mfuko mweupe, mfuko mweusi, vinywa viwili vilivyochanika. Na mimi mwenyewe sijui nani ni nani.

Hata hapo sikuogopa. Nilicheka njia nzima.

Tulipofika, Mama alitupokea kwa pua. "Mnanuka. Kaogeni." Akapokea mfuko mweupe kwa Baba, akaingia jikoni. Nikajisemea nitaoga upesi, kisha nitamwambia. Nilipotoka bafuni nilisikia kwanza harufu: kitunguu, pilipili manga, tui linachemka. Nikasimama koridoni na taulo, maji yananidondoka. Kambare alikuwa ndani ya sufuria. Utumbo wake umeshatupwa kwenye bomba la taka la jengo. Na sauti ya Baba, ile ya mhubiri, ikaanza kichwani mwangu. Hasa na mama mjamzito.

Nikarudi bafuni, nikafunga mlango. Nilijaribu kupiga hesabu. Wako wawili, kwa hiyo ni nusu. Nusu inaweza isiwe yeye. Nimesoma hesabu nyingi tangu hapo na sijawahi kukutana tena na nusu kubwa kama ile.

Nilikwenda jikoni mara tatu. Kila mara Mama aliuliza, "Unataka nini, Jabiri?" na kila mara nilimjibu kwa Kiingereza kwamba sitaki kitu. Enzi zile nilikuwa nasemeshwa Kiswahili najibu Kiingereza, nikijiona wa kisasa. Mara ya tatu mfuniko wa sufuria ulikuwa unagongagonga, nikakimbia kama nimetishiwa.

Mama mdogo akafika, anahema kwa ngazi, anacheka. "Jabiri wangu! Njoo." Akauchukua mkono wangu, akauweka tumboni kwake. Kitu kikanipiga kiganjani, kidogo, kama kidole kinachogonga mlango. "Anakuamkia," akasema. "Si wewe ndiye kaka yake?" Sikuweza kumtazama usoni.

Tukakaa mezani. Baba Espoir alikuwa amepanda kumwona samaki wa mto, akalazimishwa kula kwanza. Kwetu kichwa cha samaki anapewa mwenye hamu. Mama akamwekea Rehema kichwa kizima, kimezama kwenye tui. Akanywa mchuzi kijiko kimoja. Akafumba macho. "Dada, Mungu akuweke." Kijiko cha pili. Mimi nilikuwa nimeshika kiti kwa mikono miwili.

Kisha akakigeuza kile kichwa atafute nyama ya shavu.

"Shemeji!" akamwambia Baba. "Kumbe umemvua mwenyewe. Ana tundu mdomoni."

Baba akacheka. "Wapi! Huyo ni wa dukani, wa kuzolewa." Akainama kutazama. Kicheko kikakatika.

Mama alimwona. Mama humwona kila mtu. "Baba Jabiri. Ulinipa mfuko upi?"

"Mweupe."

"Mbona ana tundu?"

Rehema alikuwa na kipande cha shavu kati ya vidole, nusu njia. Hapo nilipiga yowe, kwa Kiswahili: "Mama mdogo, usile!" Nikaruka, nikaipiga ile sahani. Ikaenda chini na kichwa chake, tui likatapakaa mpaka kwenye viatu vya Baba Espoir.

Nikasema yote nikilia. Nilimtoboa mimi. Niliwachanganya mimi. Sijui ni yupi. Nikarudia sijui, sijui, kwa kuwa hilo ndilo lililokuwa baya zaidi.

Rehema alishika tumbo kwa mikono miwili, kama mtu anayezuia mlango. Mama akapiga magoti sakafuni, akaanza kupapasa ndani ya kile kichwa kwa vidole, sikujua anatafuta nini, mpaka Baba aliponong'ona, "Ndoana. Sikuitoa. Nilikata mshipi, ndoana ikabaki ndani ya yule wa mto."

"Hamna kitu hapa," Mama akasema. Lakini utumbo alikuwa ameshautupa, na ndoana ingeweza kuwa imetupwa nao. Kutokuona kitu hakukumsaidia yeyote.

Baba alichukua kisu, akaenda barazani kwenye boksi la barafu. Tukamfuata sote isipokuwa Rehema. Akamtoa yule wa mfuko mweusi, akamlaza juu ya gazeti. Samaki wake mkubwa wa maisha, au samaki wa wavu kutoka ghubani, hakuna aliyejua. Mara zote nilimwona Baba akimshika samaki kwa madaha. Siku ile alimshika kama bahasha ya hospitali.

"Pasula, jirani," Baba Espoir akamwambia. "Pasula mbio."

Akapasua kooni. Hamna. Akashuka tumboni. Hamna. Mama alikuwa amenishika bega na kucha zake zilikuwa zimeingia. Baba akaanza kukata pole pole, upana wa kidole kila mara, na mimi nilikuwa namwomba Mungu kwa lugha zote mbili. Ndipo kisu kikasema: kling.

Baba akaingiza vidole. Akatoa ndoana, ile niliyokuja kuikuta kwenye kiberiti, na kipande cha mshipi kikining'inia.

"Ni huyu," akasema. "Wa mto ni huyu." Akamgeukia Rehema kupitia mlango ulio wazi. "Shemeji, umekula wa dukani. Wa dukani." Alilitamka neno hilo kama watu wengine wanavyotamka dhahabu.

Baba Espoir akaketi chini. Akamtazama yule kambare aliyechanwa, akatikisa kichwa. "Bon, jirani. Nimeona. Samaki yako ilikuwa mukubwa kweli." Baba hata hakumsikia. Alikuwa ameshaingia ndani, anamwokota yule wa kuzolewa kutoka sakafuni, kipande kwa kipande, kwa mikono miwili.

Sasa najua kwamba sumu ya namna ile hujikusanya pole pole, na mlo mmoja huenda usingemfanya Rehema lolote. Sikulijua hilo, na nadhani hata wao wakati ule hawakulifikiria. Mtoto alizaliwa mzima. Anaitwa Samira, anakaribia miaka saba na anang'ata. Baba bado anasema wa ndoana ni bora, ila hulisema kwa sauti ya chini, na Mama akiwa mbali. Nilichochelewa kukielewa ni kile kilichokuwa kwenye uso wa Rehema: hofu ile hakuipata mezani pale, alikuja nayo kutoka Falls Church, alikuwa nayo mwaka mzima tangu mfuko ule wa nguo utoweke, na siku ya kambare wa nazi ndiyo ya kwanza aliyojaribu kuiweka chini.

Wageni walipoondoka nilisubiri kipigo. Mama akaniita jikoni. Akafungua maji ya moto, akaniosha mikono mwenyewe, kidole kimoja kimoja, kwa ndimu, kama enzi nilipokuwa mdogo kabisa. Akanikausha. Kisha akasema:

"Siku nyingine ukiogopa, njoo uniogopeshe na mimi mapema. Usikae unaogopa peke yako, na mimi nipo hapa jikoni."