Ngazi Iliyopigwa Deki Siku ya Barafu

Mchana ule hautanitoka, mwanangu. Nimekaa kwenye saruji chini ya ngazi, mguu wangu wa kulia umeelekea upande ambao mguu hauelekei, na juu yangu milango minane imefungwa. Niliita. Pazia moja lilisogea, likarudi mahali pake. Mwisho akatoka Spesioza, jirani yangu wa ghorofa ya juu, mgeni ambaye hata miezi mitatu hajamaliza hapa Dallas. Akaniona, akaanza kulia kabla yangu.

Ngoja nirudi nyuma, ujue nani alifanya nini, maana nitawataja.

Usiku ilinyesha mvua ya barafu. Kulipokucha watu wakapanda na kushuka na matope yao. Spesioza amekulia kambi ya wakimbizi Kigoma kama mimi, na kule mwanamke ambaye mbele ya mlango wake ni pachafu atasemwa mpaka kisimani. Akachemsha maji, akatia sabuni, akapiga deki ngazi yote, juu mpaka chini. Maji hayakukaa, yakaganda, yakawa kioo. Huyo simlaumu sana. Usilolijua ni usiku wa kiza.

Tena kosa hilo mimi nililifanya kabla yake. Nilikuwa msichana bado, baridi yangu ya kwanza hapa mtaani kwetu, Vickery Meadow. Nilimwaga ndoo nzima, nikasimama kujisifu. Mzee Melkiori, Mkongomani wa mlango wa chini, akatoka na kandambili na koti la marehemu mke wake, akaangalia.

“Binti, umeosha ngazi au umetega mtego?”

Hakungoja jibu. Alinipa taulo, tukapiga magoti, tukakausha ngazi moja moja. Kisha akamwaga ule mchanga wa dukani wa choo cha paka, ili mguu usiteleze, na paka mwenyewe hana. Akaniambia kwamba huku maji ya nje ni ya kukausha, na hata aliyoyamwaga mwingine, ukiyaona tu, yamekuwa yako. Nilinuna siku mbili. Lakini siku ile hakuanguka mtu.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia, na guu lililovunjika ni langu, kwa sababu Mzee Melkiori alishakufa na waliobaki ni akina Anselmi.

Anselmi wa mlango wa tatu, huyo anayetuongozea kwaya. Alipita saa tano, mimi bado nipo ndani napiga pasi sare ya kazi. Alikuja kuniona hospitali na mfuko wa machungwa, akaeleza mwenyewe, tena akicheka, jinsi alivyoshuka kwa makalio kama mtoto mpaka chini. Nikamuuliza kama aligonga mlango hata mmoja.

“Mama Jeani, haikuwa mbele ya mlango wangu.”

“Na kanisani unaimba mbele ya mlango wako?”

Akamenya chungwa.

Meneja wa apatimenti naye, nilivyoambiwa baadaye, alipita saa sita na kigari chake. Alisimama, akapiga picha barafu kwa simu, akaenda zake. Ngazi ya ofisi yake siku hiyo ilikuwa nyeupe kwa chumvi kama samaki wa kukaushwa. Ndoo za chumvi zilizobaki zilikuwa stoo, na kufuli juu. Saa nane nikatoka kwenda kuwahi basi. Nikateleza ngazini mpaka chini, mfupa wa nyonga ukavunjika. Kule hotelini nilikotandika vitanda miaka yote, sasa anatandika mwingine, na mimi nasukuma fremu ya chuma kwenda chooni.

Sikusoma, mwanangu, lakini hili nalijua. Baridi ikija, nje usimwage maji, hata ya moto. Hayo ya moto nayo huganda. Fagia, kausha, mwaga chumvi au mchanga. Mfuko wa taka usiulaze ngazini eti utautupa kesho. Mgeni akihamia, mwonyeshe kabla baridi haijamwonyesha, na wazee wapelekee mkate ili wasishuke. Ukiona hatari na huwezi kuiondoa, gonga milango yote, watu wakutukane wakiwa wazima. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo wengine tunaujenga kwa mifupa yetu.

Mungu akupe miguu imara na jirani mwenye macho. Nyumba yako ipate joto, na anayeingia kwako atoke salama kama alivyoingia.

Lakini wewe Anselmi, na wewe meneja, bado sijamaliza na ninyi. Jumapili baada ya misa nitaomba wanangu wanikalishe kwenye kiti palepale nilipoangukia, na majirani wote nimewaita. Njooni mjibu mbele yao. Mliona, kwa nini hamkugonga?