Ulanzi wa Nyololo na Chupa za Maabara

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Mbeya, Bwana Afya Mkuu aliitazama kaptula yangu ya kaki niliyoipiga pasi mpaka inasimama yenyewe, akasema, "Umependeza. Sasa twende tukanuse nyama." Ndiyo kazi niliyoipenda maisha yangu yote, kunusa nyama na kupima maziwa. Kipimo cha maziwa kilikuwa kijiti cha kioo kinachoelea. Kikizama kupita alama yake, muuzaji ametia maji. Wauza maziwa wa Ilomba wakiiona baiskeli yangu walianza kunisalimia tangu mbali, salamu ndefu zisizo na sababu. Jamani, naikumbuka baridi ile ya asubuhi.

Kisha nikahamishiwa Iringa, kituo cha Nyololo. Huko masika ndiyo msimu wa ulanzi. Mwanzi mchanga hukatwa ncha, ukafungiwa mbeta, yaani kopo la mwanzi uliokomaa, maji yake matamu yakadondokea humo. Wa asubuhi hata watoto hunywa. Ukilala, unakuwa pombe. Masika yale watoto wengi waliharisha, na wengine tukawazika. Mmoja alikuwa kitinda mimba wa Mama Semwenda, mjane aliyesomesha wanawe kwa mianzi ya nyuma ya nyumba yake.

Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alikasirika. Ulanzi ndio unaoua, alisema, mianzi yote ikatwe, na mimi nikapewa kusimamia mapanga. Mama Semwenda akanijia kuniuliza wanawe watakula nini. Usiku ule usingizi ulinipaa.

Aliyemzuia ni Mganga wa Wilaya, mzee mkali asiyependa kelele. Alimwambia Bwana Shauri mbele yetu: "Umeona ulanzi, na umeona watoto wagonjwa. Kinachoviunganisha bado hujakiona. Niache nipime."

Tukachemsha chupa kuua vijidudu. Tukachukua ulanzi kwenye mbeta zenyewe, ulanzi wa mitungi ya sokoni, na maji ya kijito. Chupa zikaenda maabara ya hospitali zimezungushiwa matambara yaliyoloweshwa, zisipate joto. Majibu yakaja: ulanzi wa kwenye mbeta haukuwa na vijidudu vya choo. Wa sokoni ulikuwa navyo, na kijitoni vilikuwamo vilevile.

Sasa kazi ikawa hapo. Kule kuongeza maji kwenye ulanzi ni aibu kubwa, hakuna muuzaji aliyewahi kukubali. Barazani wanawake wauzaji wote waliapa kwamba hawatii hata tone. Bwana Shauri akasema kama ni hivyo, basi uchafu ni wa ulanzi wenyewe, na mapanga yalikwisha nolewa. Ndipo Mama Semwenda akasimama.

"Mimi natia," alisema. "Maji ya kijito, ili mtungi ujae. Na watoto wangu nawapa huohuo."

Kisha akakubali mwingine, na mwingine. Amri ikabadilishwa palepale: mianzi ibaki, mitungi ifunikwe, maji yachemshwe, vyoo vichimbwe mbali na kijito. Furaha niliyokuwa nayo siwezi kuwaeleza. Nikageuka kumpongeza mama yule, nikamkuta ameketi chini.

"Kwa hiyo mwanangu nilimnywesha mimi mwenyewe," akasema.

Mganga yule mkali akavua kofia, akaketi naye kwenye majani yenye maji. "Hukujua, mama," alimwambia. "Hata sisi hatukujua."

Nimestaafu zamani. Nikiona ninyi vijana mnapata majibu ya maabara kabla chai haijapoa, nafurahi, na wivu kidogo ninao. Kazi ile naitamani mpaka leo, na barabara zake za utelezi.

Nyololo nilipita mara nyingi baadaye. Mama Semwenda aliuza ulanzi mpaka wanawe wakamaliza shule. Sufuria haikutoka mekoni kwake. Alichemsha maji ya mtungi, ya kunywa, na hata ya kunawa mikono. Hayo ya kunawa hakuna aliyemwagiza.