Fukia Kwanza, Ndipo Uchimbe

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu Swalehe, maana ndiyo siku niliyoona mtu mzima akilala shimoni akiwa hai. Nilikuwa msichana, nabeba mchanga kwa karai hapa hapa Wanyange, katika shamba hili kando ya ziwa, kutoka mashimoni mpaka kwenye lori. Tukimaliza shimo moja tunafungua jingine, la nyuma tunaliacha wazi. Mvua inalijaza, ng'ombe wa jirani anatumbukia, sisi tunacheka. Pesa tamu, we acha tu!

Akaja baba yangu mdogo, Mzee Rajabu, aliyekuwa akichimba makaburi ya Waislamu kule Mafubira. Hakusalimia mtu. Alishuka katika shimo tuliloliacha, akalala chali na kanzu yake, akafumba macho.

"Fukieni," akasema.

"Yarabi! Baba mdogo, toka!" nikalia.

"Mimi kazi yangu kuchimba, na sijawahi kuacha shimo lilale wazi. Udongo wote unarudi. Nyinyi hili mmemchimbia nani?"

Dereva alipiga honi, akatukana, akaondoka na lori tupu. Mzee hakutoka mpaka tulipoleta majembe tuurudishe ule udongo mweusi tulioutupa kando. Nilikasirika, sikufichi!

Tangu hapo ikawa sheria kwetu: shimo la pili halifunguliwi kabla la kwanza halijafukiwa. Mihogo unayokula ukija hapa imeota juu ya shimo lile, na karo yako ililipwa na mchanga. Kwa hiyo usiniambie mama anachukia maendeleo. Nyumba za Jinja hazijengwi kwa dua, wala hiyo yako ya Nabuyonga kule Mbale.

Sasa umetoka Mbale na watu wa kampuni yenye matingatinga, kesho mnataka niweke dole gumba kwenye mkataba wa shamba hili. Haya, sikiliza. Mchanga wachukue, na vijana wa hapa wapewe kazi. Mafunjo ya ufukoni wasiyaguse. Samaki wanazalia humo, na wavuvi nao wana watoto wa kulisha. Udongo mweusi wauweke kando, wafukie kwanza ndipo wachimbe tena. Watasema wanachelewa. Waache wachelewe, tamaa mbele, mauti nyuma. Hayo yakiandikwa, dole langu hili hapa.

Mungu akupe riziki ya halali, mwanangu, na akuachie ardhi ya kutuzika sisi na kuwalisha wajukuu wangu. Na wakikataa, waambie mama yako naye anajua kulala shimoni.