Mama Bana, fundi cherehani anayewabana waendesha pikipiki

Saa tatu asubuhi, mwanamume wa miraba minne amepanda benchi la mbao kama anavyopanda pikipiki. Mikono imeshika mpini wa fagio uliopigiliwa misumari mbele ya benchi, kiwiliwili kimeinama kidogo, macho yanatazama ukuta. Wapita njia wawili wanasimama mlangoni, wanacheka, kisha wanaendelea na safari yao.

"Waache wacheke, shemeji. Wewe kaa kama uko barabarani," fundi anamwambia. "Ukikaa kama uko kwenye sofa, nitakushonea koti la kukalia sofani."

Anapitisha utepe wa kupimia begani, anaushusha hadi kiwikoni, kisha kwenye kifundo cha mkono. Anatia alama za chaki kwenye koti jeusi la mteja. Halafu anaushika mkono wa koti na kuuzungusha kwa vidole viwili tu. Kinga ya kiwiko, kipande cha sponji ngumu kilichoshonewa ndani, inahama yote na kwenda kutua upande wa pili.

"Umeona? Sasa hivi inalinda pale wauguzi wanapotolea damu. Kiwiko kimebaki yatima."

Mteja anajitazama mkono.

Waendesha pikipiki wa eneo hili wanamwita Mama Bana. Kibanda chake ni chumba kimoja chenye mlango wa bati, kilichojibanza kati ya fundi simu na muuza mayai. Ndani mna cherehani mbili, pasi, rundo la sare za shule zinazosubiri vifungo, na safu ya makoti mazito yaliyotundikwa hadi kugusa dari. Kwa siku hurekebisha makoti mawili, matatu mambo yakienda vizuri, na kazi hiyo sasa humwingizia zaidi ya nusu ya kipato chake.

Miaka mitano iliyopita alikuwa hajawahi hata kufumua koti la pikipiki. Alishona sare, magauni na mapazia. Mtu wa pikipiki nyumbani alikuwa mumewe, aliyekuwa akibeba abiria tangu kabla hawajaoana.

"Alinichumbia kwa pikipiki hiyohiyo," anasema. "Nauli sikulipa, lakini nimeilipa baadaye kwa kumpikia."

Siku mambo yalipobadilika, mvua ilikuwa imekatika muda mfupi tu. Mumewe alikuwa ameshusha abiria na anarudi peke yake, mwendo wa kawaida. Kwenye kona kulikuwa na kokoto zilizomwagwa na lori. Gurudumu la mbele likateleza. Akaanguka ubavu wa kulia na kuburuzika hadi ukingo wa barabara.

"Nilisikia helmeti ikisaga lami, karibu kabisa na sikio," anakumbuka mume huyo, mtu mpole anayezungumza huku akisuguasugua mkono wake wa kulia. "Nikajisemea, kichwa ndiyo kimekwenda. Kumbe kichwa kilikuwa kizima. Kilichokwenda ni mkono."

Helmeti ile aliinunua kwa shingo upande. Alikuwa ameipenda nyingine, nyekundu, lakini muuzaji alipoitikisa kichwani mwake ikacheza kama sufuria juu ya jiwe. Muuzaji akakataa kumuuzia. Akamtafutia nyeusi iliyombana mashavu, akamfunga mkanda chini ya kidevu, akamwambia atikise kichwa. Haikucheza.

Koti lilikuwa na historia nyingine. Alipewa na binamu yake, mtu mwenye mabega ya kubeba magunia. Lilikuwa koti la maana, lenye kinga begani na kiwikoni, nao wote nyumbani waliona ni bahati. Mikono ilimfikia hadi kwenye vidole, akawa anaikunja.

"Nguo ya kuazima haisitiri matako, ndivyo walivyosema wahenga," anasema Mama Bana. "Lile hatukuazima, tulipewa kwa moyo safi. Na bado halikusitiri kiwiko."

Hospitalini, wakati mumewe yuko chumba cha upasuaji, muuguzi alimkabidhi mfuko wa plastiki wenye vitu vya mgonjwa. Akaketi kwenye korido, akaufungua, kwa kuwa mikono yake haikujua ifanye nini kingine.

Helmeti ilikuwa imechimbika upande mmoja, kutoka penye sikio hadi penye taya. Aliigusa ile michubuko mmoja mmoja, maana alijua kila mmoja ungekuwa usoni kwa mumewe. Kisha akatoa koti. Kitambaa cha mkono wa kulia kilikuwa kimesagika kikawa matambara. Akaingiza mkono ndani kutafuta ile kinga ya kiwiko.

Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

"Nililitazama lile sponji, nikaligeuza, nikalitazama tena. Jipya, kama limetoka kiwandani jana. Mimi ni fundi, nikajua palepale. Mkono wa koti ulikuwa mpana, alipoanguka ukazunguka, sponji likahamia ndani. Mwenzangu alikuwa na kinga, ila ilikuwa imekaa pengine." Anapuliza chaki iliyobaki kwenye vidole. "Nililia pale kwenye korido mpaka mlinzi akaniletea maji. Kupunguza mkono wa koti ni kazi ndogo sana. Na lile koti nilikuwa naliona limetundikwa mlangoni kila siku ya Mungu."

Madaktari waliunga kiwiko kwa vyuma. Kwa miezi mitano familia iliishi kwa cherehani peke yake. Televisheni ikauzwa, na pikipiki, baada ya kutengenezwa, ikakodishwa kwa mwenzake wa kijiweni. Mkono ulipona, lakini mpaka leo haunyooki wote. Akitaka kuchukua kitu kabatini juu, hutumia wa kushoto.

Siku mumewe aliposema anarudi barabarani, Mama Bana hakumzuia. Alimwambia sharti moja tu.

"Utavaa nitakachokushonea."

"Na nikikataa?"

"Basi utakuwa unabeba abiria kwa miguu."

Alinunua koti la mtumba lenye kinga nzima, akalifumua mishono yote sebuleni ili aone lilivyounganishwa. Akampima mumewe amesimama wima, kama anavyopimwa mtu wa suti, akalishona upya. Lilimkaa mwilini kama ngozi.

Mumewe alizunguka mtaa mara moja, akarudi amekunja uso.

"Mama watoto, nikigeuka kuangalia gari nyuma, koti linanikataza. Na nikishika usukani, mikono inapanda mpaka huku." Akamwonyesha kifundo kilichobaki wazi. "Umenivalisha kama mto kwenye foronya ya mtoto mchanga."

Walicheka usiku ule kwa mara ya kwanza tangu ajali, lakini fundi hakulala, akifikiria kosa lake. Mikono ilipopanda, kinga nazo zilikuwa zimepanda. Kosa lilikuwa kumpima mtu aliyesimama wakati kazi yake ni ya kukaa, mikono mbele. Kesho yake ndipo alipompandisha mumewe kwenye benchi na kumshikisha fagio. Akaongeza kipande kwapani ili mkono upite bila kuvuta koti zima, akaweka kitambaa cha kuvutika mgongoni, na utepe wa kukaza juu na chini ya kiwiko. Kinga ikakaa mahali pake, na shingo ikapata uhuru wake.

Kijiweni walimpokea mumewe kwa kejeli. Wapo waliomuuliza kama leo amevaa koti la mdogo wake. Aliyekuwa wa kwanza kuacha utani na kuja kibandani hakuwa hata mtu wa kijiwe hicho. Alikuwa mwanamke anayesambaza mikate madukani kwa pikipiki, ambaye hapa tumwite Dada Mkate, kama wanavyomwita wenye maduka.

"Makoti yote sokoni yamekatwa kwa wanaume," anaeleza Dada Mkate. "Mabega yangu yaliishia katikati ya koti. Nikikimbia, upepo unaingia, najaa kama puto. Lakini nilitaka aniachie nafasi ya sweta ndani. Tukabishana karibu tugombane."

"Nilimwambia avae sweta jembamba," anadakia Mama Bana. "Baridi itampiga kidogo, lakini lami inapiga zaidi."

Alimrekebishia koti, na suruali yenye kinga za magoti, kila kinga ikakaa penye mfupa wake. Dada Mkate aliondoka akilalamika. Alilalamika miezi mitatu.

Kisha asubuhi moja, mbele ya duka, mlango wa gari lililokuwa limeegeshwa ukafunguliwa ghafla. Hakupata hata nafasi ya kupiga honi. Alirushwa juu ya mlango, akaangukia bega, akaviringika, akateleza kwa ubavu. Mikate ilitapakaa barabara nzima.

"Nilikaa chini, nikajigusa kichwa. Helmeti ipo, haijasogea. Nikakunja mkono, unakunjika. Watu walikuwa wananiambia lala, lala, usiinuke. Mimi nauliza mikate yangu."

Hospitalini daktari alimpapasa bega, kiwiko na magoti, akapata michubuko na uvimbe wa kuuguza wiki mbili. Akauliza alikuwa amevaa nini. Dada Mkate akamwonyesha koti, limelika kabisa pale kwenye kiwiko, na sponji yake imechakaa juu.

Kilichovunjika ni kidole gumba cha mguu. Alikuwa amevaa raba nyepesi.

"Mimi sikupimwa miguu," anasema, na Mama Bana anatikisa kichwa kama mtu anayesikia kesi ya mtoto wake kwa mara ya kumi.

Habari ile ilifika kijiweni kabla ya jua kuwa kali. Wiki hiyohiyo waliokuwa wakimcheka mumewe walianza kupanga foleni kwenye benchi, mmoja mmoja, kila mmoja akidai kwamba amepita tu kusalimia shemeji. Ndipo lilipozaliwa jina la Mama Bana. Tangu hapo hakuna anayepimwa koti bila kuulizwa viatu. Anataka viatu vigumu vinavyofunika kifundo, na kamba zake zisiwe ndefu za kunasa kwenye pikipiki. Anayekuja na ndara hurudishwa nyumbani.

Kuna kazi moja asiyoigusa. Kijana mmoja aliwahi kumletea helmeti iliyompwaya, ameishindilia kitambaa ndani, akamwomba ashonee kitambaa hicho kisitoke.

"Helmeti sifumui wala sishonei," alimwambia. "Nenda dukani ukachukue ya kichwa chako. Ukiitikisa, ngozi ya mashavu ifuatane nayo. Na ikishaanguka kwa kishindo, hata kama inang'aa, usiivae tena. Imeshafanya kazi yake."

Yeye mwenyewe hapendi kusikia akisifiwa kwamba anaokoa watu. Anasema nguo haishiki breki, wala haimfundishi mtu kupunguza mwendo kwenye kona. Mwaka jana mteja wake mmoja aligongana na lori na kupoteza maisha, na vifaa vyake vilikuwa vimemkaa sawasawa. Mama Bana alikwenda mazikoni, akakaa na mjane. Kwa wiki nzima baada ya hapo hakuweza kushika koti.

"Watu husema ajali haina kinga, na ni kweli. Lakini mwili unayo. Siwezi kumwahidi mtu kwamba atarudi nyumbani. Naweza kuhakikisha kwamba kilichowekwa kulinda kiwiko kinalinda kiwiko."

Mchana, mteja wa miraba minne akiwa ameshaondoka na stakabadhi yake, Mama Bana anavuta kitambaa kipya kutoka chini ya meza. Ni kizito, cha rangi ya samawati iliyoiva. Kwa mara ya kwanza hashoni upya koti la kiwandani. Analikata koti mwenyewe kuanzia mwanzo, kwa vipimo vya mwanamke. Likifanikiwa, atashona mengine manne ya saizi tofauti, ayatundike mbele ya kibanda, na Dada Mkate ameshaahidi kuwaleta wenzake wanaoendesha. Mbeleni anataka kupangisha chumba cha jirani, fundi simu akihama, na kuajiri mshonaji mmoja.

Koti hili la kwanza, hata hivyo, si la kuuzwa. Ni la binti yake.

Binti ana miaka kumi na tisa, na amepata kazi katika duka la dawa linalowapelekea wagonjwa dawa majumbani. Kazi inataka mtu anayeendesha pikipiki. Baba yake amekuwa akimfundisha uwanjani kila Jumapili, na leseni ameipata mwezi uliopita. Mama alipoambiwa, alikaa karibu wiki mbili bila kumjibu mtoto zaidi ya ndiyo na hapana.

"Baba yake akaniuliza, unawashonea watoto wa wenzio wote, wako umwache aende na koti la nani?" anasema. "Nikaenda kununua kitambaa hiki."

Binti anaingia na helmeti mkononi, anamwamkia mwandishi, kisha bila kuambiwa anapanda benchi na kushika fagio. Mama anamvalisha koti ambalo bado halina zipu. Anaukaza utepe juu ya kiwiko, kisha chini. Anaushika mkono wa koti na kujaribu kuuzungusha. Hauendi popote.

"Geuka uangalie nyuma."

Binti anageuka.

"Upande wa pili."

Anageuka tena. Mama anapapasa mabega, anahesabu kwa vidole mahali pa kinga, anachomoa pini moja na kuichomeka upya, karibu zaidi.

"Mama, linabana."

"Najua."

Mwandishi anamuuliza kama bado ana hofu. Anakunja utepe wake wa kupimia.

"Huyu nimemshonea nguo zote tangu chekechea. Kila mwaka nilimwachia upindo mkubwa, nikijua atarefuka, nisitumie pesa mara mbili. Alikuwa anavaa sare zinazoburuza, wenzake wanamcheka." Anamfunga binti yake ukosi, anaulaza kwa kiganja. "Hili sikuacha upindo hata kidogo. Nimelikata kwa mwili alionao leo. Akinenepa aje, nitafumua. Jumatatu anaanza kazi."